Jim Reeves Alifikaje Magongo?

Pita Magongo Jumapili mchana ukiwa umetega masikio. Ndani ya matatu kunapigwa gengetone. Makanisa mawili yaliyopakana yanashindana kwa spika, na mwadhini anasubiri saa yake. Lakini ukifika pale matrela yanapolazwa, penye vumbi na dizeli na mafundi waliojilaza chini ya eksel, utasikia kitu kingine kabisa: gitaa la polepole, na sauti nzito ya Jim Reeves, mwanamume wa Texas aliyekufa kwa ajali ya ndege Julai 1964.

Swali langu ni dogo tu. Alifikaje hapa?

Jibu la haraka utakalopewa na vijana wenzangu ni kwamba hiyo ni ngoma ya wazungu, wakoloni waliisahau wakati wa kufunga mizigo, na wazee wetu wakaikota kwa sababu hawakuwa na kingine. Jibu hilo linachekesha, lakini limekosea karibu kila mahali. Ili kulirekebisha inabidi tuanzie mbali kidogo. Tuanzie kwa wauza bima.

Redio ya kubisha hodi

Tarehe 5 Oktoba 1925, kampuni ya bima ya National Life and Accident ilifungua kituo cha redio mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Kituo kikaitwa WSM, herufi zilizotolewa kwenye kaulimbiu ya kampuni, kwamba inawakinga mamilioni. Hawa hawakuwa wapenzi wa muziki. Mawakala wao walikuwa wakipita mlango kwa mlango wakiuza bima za senti chache kwa watu wa kipato kidogo, na redio ilikuwa njia ya kuhakikisha kwamba wakibisha hodi wanafunguliwa.

Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, mtangazaji George D. Hay alimketisha mbele ya maikrofoni mzee wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, na fidla yake. Mzee akapiga. Telegramu na maombi ya nyimbo yakaanza kumiminika. Wakubwa wa mji waliona aibu, maana Nashville ilijiita Athens ya Kusini, mji wa vyuo na wasomi, na sasa inajulikana kwa fidla za shambani! Lakini biashara ni biashara. Kipindi cha Jumamosi usiku kikaota mizizi, baadaye kikaitwa Grand Ole Opry, na mpaka leo kiko hewani. Kimevuka miaka 100.

Mwaka 1932 WSM ilipanda hadi wati 50,000. Mawimbi ya AM yana tabia moja nzuri: jua likizama, yanagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana na mnara. Kwa hivyo kituo cha mji mmoja wa kusini kilisikika usiku katika majimbo mengi ya Marekani. Na nani alikuwa anasikiliza? Wengi ni watu waliokuwa wameacha shamba na kwenda kutafuta kazi kwenye migodi, viwanda na reli. Jumamosi usiku walirudi nyumbani kwa saa chache bila kulipa nauli.

Shika hilo la nauli, tutalirudia.

DeFord Bailey

Mmoja wa nyota wa kwanza kabisa wa kipindi hicho alikuwa mtu mweusi. DeFord Bailey alizaliwa 1899 Tennessee, mjukuu wa mtu aliyezaliwa mtumwa. Polio ilimpata akiwa mdogo na kumwacha na mwili mfupi. Alipiga kinanda cha mdomo, na muziki aliokulia nao nyumbani, wa fidla, banjo na gitaa, aliuona ni mali ya watu wake kama ulivyokuwa mali ya jirani zao wazungu. Hakuwa amekosea. Banjo yenyewe ina ukoo wake Afrika Magharibi, ikavuka bahari pamoja na watumwa.

Kipande chake maarufu kiliiga treni. Usiku wa Desemba 1927, baada ya kipindi cha muziki wa opera kutoka studio nyingine, Bailey alipiga treni yake kwa kinanda cha mdomo, na hapo ndipo Hay akatoa mzaha kwamba mmesikia Grand Opera, sasa sikilizeni Grand Ole Opry. Yaani jina la kipindi kikubwa kuliko vyote vya kantri lilizaliwa mgongoni mwa mtu mweusi aliyekuwa akiiga treni. Mwaka 1928 hakuna msanii aliyeonekana kwenye kipindi hicho mara nyingi kuliko yeye.

Mwaka 1941 wakamfukuza. Kulikuwa na ugomvi wa haki za nyimbo kati ya vituo vya redio na chama cha watunzi, na nyimbo zake zikaingia kwenye orodha ya zisizoruhusiwa kupigwa. Wenzake wazungu walisaidiwa kupata nyimbo mpya. Yeye akaishia kung'arisha viatu Nashville. Alikufa 1982, na jina lake liliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Kantri mwaka 2005.

Kwa hivyo mtu akikuambia kantri ni ya wazungu, usibishane naye sana. Muulize tu: tangu lini?

Chemirocha

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi muziki, alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis. Wasichana walimwimbia wimbo unaomtaja kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Tracey alipouliza ni nani huyo, akagundua ni Jimmie Rodgers.

Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa breki kutoka Meridian, Mississippi. Alirekodiwa mara ya kwanza Agosti 1927 katika mji mdogo wa Bristol, na kufikia Mei 1933 kifua kikuu kilikuwa kimemuua. Santuri zake zilikuwa zimefika Kenya, zikachezwa kwenye gramafoni za wazungu, na watu wa Kapkatet wakasikia. Wao hawakumwiga. Walilikunja jina lake mpaka likakaa vizuri mdomoni, wakampa miguu ya swala, wakamwingiza kwenye wimbo wao wenyewe, kwa ala zao wenyewe. Alipofika Tracey, Rodgers alikuwa na miaka 17 kaburini, na huku alikuwa akiishi maisha ya pili.

Napenda kisa hiki kwa sababu kinaivunja ile picha ya Mwafrika anayekaa tu na kumiminiwa utamaduni kama chai kwenye kikombe. Wale wasichana walisikia, wakachukua, wakageuza. Na Pwani pia watu hawakukaa bure. Fundi Konde, Mgiriama wetu, alikwenda na jeshi la Waingereza mpaka Burma akiburudisha wanajeshi kwa gitaa, akarudi kuwa mmoja wa magwiji wa kwanza wa gitaa Kenya. Gitaa halikutushangaza. Tulikuwa tunalijua.

Sauti ya nani?

Redio Kenya ilianza 1928, kwa ajili ya walowezi. Mwafrika alitengewa matangazo ya kudumu ya lugha zake karibu robo karne baadaye. Baada ya Kenya Broadcasting Services kuundwa mwaka 1954, mikoa ikapata vituo: Nyeri, Kisumu, na huku kwetu Mombasa, Sauti ya Mvita.

Soma hilo jina polepole. Mvita ni jina la kale la Mombasa, Mombasa ya kisiwani, ya Mji wa Kale, ya washairi. Kituo kilizungumza Kiswahili na Kiarabu, kikapiga taarab. Na serikali ilikuwa na sababu zake za kukihitaji. Mwaka uleule wa 1954, Redio Cairo ya Nasser ilianza matangazo ya Kiswahili, ikiwaambia watu wa pwani hii wazi kwamba Mwingereza aondoke. Tarehe 27 Juni 1957 BBC nayo ikafungua idhaa ya Kiswahili. Hewa ya Mombasa ikawa uwanja wa vita, na kila mtu anamnong'oneza Mswahili sikioni.

Wakati huohuo kulikuwa na swali la Mwambao. Je, ukanda wa maili 10 wa pwani, ambao kwenye karatasi bado ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, uingie Kenya au ujitenge? Mpaka Oktoba 1963 ndipo makubaliano yalipowekwa saini kwamba ukanda ni wa Kenya. Kwa hiyo redio ilipotamka neno "Mvita", ilikuwa inatamka pia nani ni mwenyeji.

Sasa fikiria Changamwe ya miaka hiyo. Bandari inataka mikono. Reli inataka mikono. Kiwanda cha kusafisha mafuta kinaanza kazi 1963. Mikono inatoka Ukambani, Nyanza, Uluhyani, Taita, Ugiriamani. Watu hao wanapanga vyumba bara ya magharibi, Changamwe, Chaani, Magongo, Mikindani. Wako Mombasa, wanaijenga Mombasa, lakini sauti ya Mvita si sauti yao. Siwalaumu waliokiendesha kituo. Nasema tu kwamba mtu akisikiliza redio ya mji wake asijisikie, atazungusha kitasa atafute nyingine.

Mwaka 1964 redio ya taifa ikawa Sauti ya Kenya, VOK, na mambo makubwa yakavutwa Nairobi. Jina la Sauti ya Mvita likatoweka hewani. Pwani ilipoteza kitu hapo, na wazee wa kisiwani wana haki ya kulalamika mpaka leo. Lakini kwa mpangaji wa Magongo, VOK ilikuwa ndiyo redio ya kwanza iliyomzungumzia kama mtu wa kwao. Hata sauti iliyojulikana kuliko zote ilitoka upande wetu wa maji: Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Kisauni, mtoto wa familia ya watumwa walioachwa huru. Ndiyo familia iliyotoa *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha James Mbotela. Mbotela alianza kipindi chake cha *Je, Huu ni Ungwana?* mwaka 1966, na tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimshurutisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Mzao wa watumwa mbele ya maikrofoni ya taifa. Nikimfikiria DeFord Bailey, namfikiria na yeye.

Saa ya polepole

VOK, na baadaye KBC kuanzia 1989, haikuwa redio ya kantri. Lakini idhaa yake ya Kiingereza ilikuwa na saa zake za nyimbo laini, na kipindi kama *Sundowner* kiliwalea watu wazima wa nchi hii. Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton. Na Roger Whittaker, ambaye wengi husahau kwamba alizaliwa Nairobi.

Kwa nini wao? Sababu moja ni ya kisiasa, nadhani. Redio ya serikali iliogopa wimbo wa nyumbani wenye mafumbo. Mtu wa Tennessee anayelilia mke aliyemwacha hamtishi waziri yeyote. Sababu ya pili ni kwamba watu waliipenda kwelikweli. Mwaka 1980 VOK ilijaribu kuamuru robo tatu ya muziki wake uwe wa Kenya. Amri haikudumu.

Sababu ya tatu ndiyo iliyo karibu na Magongo. Sikiliza kantri inazungumzia nini: barabara, treni, mama aliyebaki nyumbani, barua, gereza, pombe, Mungu, na kurudi. Hiyo ni wasifu wa mtu wa Magongo! Mwanamume ameacha mke Kitui, anaendesha trela kutoka bandarini mpaka Malaba, analala kwenye kebini, mshahara unagawanywa kabla haujafika. Nilisema tutairudia ile nauli. Mtu wa shamba aliyehamia kiwanda cha Marekani mwaka 1932, na mtu wa Machakos aliyehamia Changamwe miaka 50 baadaye, walikuwa wakilipwa na redio kitu kilekile.

Pia walikuwa na njia ileile ya kuijibu. Kule ilikuwa telegramu. Huku zilikuwa kadi za salamu: unanunua kadi, unajaza majina ya unaowasalimu, unaweka posta, halafu unakaa wiki nzima ukisubiri mtangazaji asome jina lako nchi nzima isikie. Ndugu wa Mumias anajua kwamba uko hai Mombasa.

Baba yangu ni Mkamba. Alikuja hapa miaka ya themanini akiwa tanboi, baadaye akapewa usukani. Mama ni Mdigo wa Likoni. Nyumbani kulikuwa na redio moja na vita baridi. Mama alitaka Zuhura Swaleh, baba alitaka Don Williams. Sisi watoto tulikua tukijua mistari ya pande zote mbili, na mpaka nilipoacha chuo nikarudi Magongo kuandika ndipo nilipojiuliza kwa nini mtu anayeijua hii na ile aulizwe kila mara achague moja.

Agosti 1997

Maana kuna wakati swali hilo liliulizwa kwa panga. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na cha feri, likaua polisi, likachoma nyumba na vibanda. Siku zilizofuata waliolengwa walikuwa wabara: Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya. Zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wapatao 100,000 wakahama makwao. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Tume ya Akiwumi baadaye iliona mkono wa wanasiasa.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nyumbani kisa hiki kinasimuliwa kwa sauti ya chini, na kila mzazi ana chake. Mama anakumbuka jirani zao Wajaluo wakivuka maji na magodoro kichwani. Baba alikuwa safarini. Anachokumbuka ni redio ya lori: taarifa ya habari ikataja Likoni, kwao na mkewe, kisha ikapigwa nyimbo kama kawaida. Hakuzima. Anasema angezima, angebaki na mawazo yake peke yake mpaka Mariakani.

Sisemi kantri iliponya chochote. Nasema watu walioambiwa "rudini kwenu" walikuwa na nyimbo nyingi kuhusu kwao, na bado hawakurudi. Kwao pamekuwa pawili. Mtu analilia Kitui ndani ya wimbo, kesho anaamka kulipa kodi Magongo.

Treni ilirudi

Kwa Kikuyu, treni inaitwa mugithi. Ndilo jina lilelile la zile usiku za gitaa la mtu mmoja zilizotapakaa kwenye klabu za Kenya kuanzia miaka ya tisini, watu wakishikana mabega na kuzunguka kama mabehewa. Msanii hodari wa mugithi anaweza kutoka kwenye wimbo wa Kikuyu akaingia kwa Kenny Rogers na kurudi bila kusimamisha gitaa. DeFord Bailey angeelewa mara moja.

Lakini treni ya kweli ina nyimbo zake chungu. Kiwanda cha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta 2013. Mei 2017 reli ya SGR ikafunguliwa, stesheni yake hapo Miritini, karibu kabisa na sisi. Agosti 2019 serikali ikaamuru makontena ya kwenda bara yapande reli. Matrela yakalala. Yakilala matrela, analala fundi, mama wa chapati, muuza tairi, mwenye lojingi. Watu wakaandamana kila Jumatatu mjini Mombasa. Amri ilikuja kuondolewa Septemba 2022, lakini kuna yadi ambazo hazikuamka tena.

Miaka hiyo mitatu, wanaume waliozeeka wakiimba nyimbo za kuisifu treni walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya matrela yaliyosimama, wakiisikia treni inapita na mzigo wao.

Tuliobaki na masikio

Machi 2024 Beyoncé alitoa *Cowboy Carter*, na ghafla vijana wa mtandaoni wakagundua kwamba mtu mweusi anaweza kuimba kantri. Ndani ya albamu hiyo yumo Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Grand Ole Opry, mwaka 1969. Februari 2025 albamu ikabeba Grammy ya albamu ya mwaka. Baba aliniuliza kelele zote hizo ni za nini. Kwake hakukuwa na habari. Kenya kuna Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, anavaa kofia na kuimba kantri mwaka baada ya mwaka, na kuna Esther Konkara. Eswatini kuna Dusty & Stones, waliokwenda kuimba mpaka Texas.

Kinachonisumbua ni kingine. WSM ina jengo, ina kumbukumbu, ina miaka 100 iliyohesabiwa. Zile rekodi za Tracey zinahifadhiwa Afrika Kusini na zimewahi kurudishwa Kapkatet wazee wakajisikia wenyewe. Historia yetu sisi ya kusikiliza imekaa wapi? Imo kwenye kaseti zilizonasa mkanda, kwenye mfuko wa kadi za salamu uliokwishaliwa na mchwa, na kwenye vichwa vya madereva wanaostaafu mmoja mmoja. Redio huhifadhi sauti ya mtangazaji, ikiwa ina bahati. Aliyesikiliza hahifadhiwi na mtu.

Kwa hivyo nimeanza kuuliza. Naenda yadini na simu yangu, nanunua chai, namuuliza mzee: ulisikia wapi wimbo huu mara ya kwanza? Mmoja alinijibu alisikia kwa mwajiri wake, akifua nguo dirishani. Mwingine kwenye kambi ya ujenzi wa barabara. Mwingine akaniambia yeye hajui maneno hata moja la Kiingereza cha Jim Reeves, lakini anajua anachosema.

Nilimwomba anitafsirie. Akasikiliza ubeti mzima macho yamefumba, akaniambia, "Kijana, huyu jamaa anataka kwenda nyumbani, na hana nauli."